Shahidi wa Tarumbeta

Watu wengine huingia chumbani kwa miguu. Tarumbeta alitanguliza sauti, miguu ikafuata ikipata nafasi. Enzi zake alikuwa opereta wa simu, wale wa kuchomeka waya ukutani na kuunganisha watu, na wenzake wa kazini wanaapa mpaka leo kwamba siku nyaya zilipokatwa na upepo alifungua dirisha akawaunganisha wateja kwa mdomo mtupu, mmoja wao akiwa mji wa pili. Anayebisha na abishe. Mji wa pili wenyewe haukuwa mbali sana.

Alipostaafu hakujua aipeleke wapi sauti ile, akaipeleka kwa Mungu. Alianzisha ibada sebuleni kwake kwa viti vya kuazima, na waumini wake wa kwanza walikuwa wale wasioweza kumkatalia: watoto, wakwe, mashemeji na wajukuu. Kanisa likakua. Likatoka sebuleni likaingia uani, likatoka uani likajengewa kuta na bati lake mwenyewe. Lakini lilikua kwa njia ya kuzaa na kuoa. Mgeni akihudhuria Jumapili mbili mfululizo, ya tatu alikuta ameshatafutiwa mchumba. Mchungaji alikuwa mwanawe wa kwanza, mzee wa kanisa shemeji yake, mweka hazina mkwe wake, na kwaya ukiipanga kwa kimo ungepata picha ya ukoo.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka umoja wa makanisa, ambao kanisa lao nalo lilikuwa limejiunga nao, ulipotoa agizo. Kuanzia mwaka mpya hakuna kuhubiri bila kusomea, au angalau uwe umeandikishwa chuoni na unasoma. Mwanawe, Mchungaji, hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na shahada ya Chuo Kikuu cha Kikristo kilicho juu ya kilima, na tangu arudi nayo alikuwa na tabia ya kumkoholea mama yake katikati ya mahubiri.

"Mama, samahani, kwa Kigiriki neno hilo…"

"Mwanangu, kwa lugha ya mama yako, kaa chini."

Waumini walitazamana. Kila mtu alijua maana ya agizo lile: mwaka mpya ukiingia, Tarumbeta atakaa benchi la mbele, mikono mapajani, mdomo umefungwa. Ni sawa na kumwambia mto usimame kidogo watu wavuke. Wengine wangenuna, wengine wangehama kanisa. Tarumbeta alinunua kalamu.

"Kama dawa ya kuhubiri ni chuo," alisema, "basi chuo kijiandae."

Chuo kile kilikuwa na mlango wa watu wazima. Mtu aliyevuka umri wa shule, mwenye cheti chake cha sekondari, aliweza kufanya mtihani wa kujiunga na akapokelewa. Tarumbeta aliufanya. Lugha aliipita akiimba, Biblia aliipita akimsahihisha msimamizi, na hesabu aliipita kwa neema tupu: alama zile zile zilizotakiwa, bila hata moja ya kubaki. Alipotoka kwenye chumba cha hesabu nguo zilikuwa zimemlowa kama aliyebatizwa upya, akaapa mbele ya mashahidi kwamba hatarudi humo mpaka Yesu arudi.

Kilichobaki kilikuwa kimoja, nacho ndicho kilichokifanya chuo kile kisifanane na vingine. Mwanzilishi wake alikuwa mchungaji wa zamani ambaye, inasemekana, aliwahi kuuziwa ng'ombe kipofu kwa barua nzuri ya sifa. Tangu siku hiyo hakuamini karatasi. Karatasi haina macho, alikuwa akisema, huwezi kuitazama ikababaika. Kwa hiyo akaweka sharti ambalo halijabadilika hata leo: kila mtu mzima anayeomba kusomea uchungaji alete shahidi mwenye nyama na mifupa, asimame mbele ya kamati ya udahili, aulizwe maswali matatu. Shahidi awe Mkristo. Asiwe ndugu wa mwombaji kwa damu wala kwa ndoa. Asiwe mtu atakayefaidika mwombaji akipokelewa. Maswali mawili ya kwanza hujibiwa utakavyo, la tatu hujibiwa kwa neno moja, ndiyo au hapana. Likiwa hapana, mwombaji arudi nyumbani salama.

Tarumbeta alizisoma kanuni hizo zote. Kosa alilolifanya ni kosa la mtu wa kanisa lile tu, lisingeweza kutokea kanisa jingine. Kila alipowatazama watu wake aliona kwaya, wahudumu na wazee wa kanisa. Shangazi na binamu hakuwaona.

Basi Jumatatu, siku ya kamati, alikodi basi. Likapanda kilima likinguruma na vibwagizo, likamwaga watu getini wakiwa na sare, na mlinzi akadhani kuna harusi. Wakajazana ndani ya chumba cha kamati mpaka madirishani. Ng'ambo ya meza alikaa mwenyekiti wa kamati, mama mwembamba mwenye miwani yenye mnyororo, na pembeni yake kijana aliyevaa tai, afisa wa udahili.

"Mama, karibu," akasema Afisa. "Shahidi wako ni yupi?"

"Chagua, mwanangu." Tarumbeta alizungusha mkono chumba kizima. "Mimi nimeleta kwa jumla, wewe chukua kwa rejareja."

Afisa alicheka kidogo, akamwonyesha mzee aliyekaa mbele. "Baba huyu ni nani?"

"Mzee wa kanisa. Mtu mwaminifu sana."

"Undugu?"

"Ni shemeji yangu tu."

"Hafai. Huyu dada?"

"Mweka hazina, mke wa mwanangu wa tatu."

"Hafai. Yule mwenye kitambaa cheupe?"

"Huyo ni…" Tarumbeta akakunja uso, akimtazama yule mwanamke kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Hivi wewe wa nani?"

"Jamani, shangazi!" yule mwanamke akasema.

Wakaenda hivyo, benchi kwa benchi. Binamu. Mkwe. Mjomba wa mkwe. Sauti ya pili ya kwaya ilianguka yote kwa pigo moja, maana walikuwa watoto wa mama mmoja. Hata mzee mmoja kiziwi, ambaye watu wote walidhani alipotea njia miaka ile akaingia kwao kwa bahati mbaya, ilibainika kuwa baba mdogo wa marehemu mume wake.

"Bado yule pale nyuma," akasema Afisa, ambaye tai ilishaanza kumbana.

"Ahaa!" Tarumbeta alipiga makofi. "Huyo ndiye! Huyo hatuna undugu naye hata wa kuazima. Ni mpiga ngoma tu, alikuja mwenyewe na miguu yake."

Chumba kizima kikashusha pumzi. Mpiga ngoma akasimama, akajikuna kisogo, akamtazama mjukuu mmoja wa Tarumbeta aliyekaa dirishani. Mjukuu akatazama sakafu.

"Bibi," binti akasema kwa sauti ya chini, "Jumamosi alikuja kwa Baba kuniposa. Baba amekubali."

"Jumamosi?" Tarumbeta akageuka mzima. "Nyie watoto! Mmetazamana mwaka mzima, mkashindwa kungoja mpaka Jumanne?"

Mwenyekiti wa kamati aliinamisha kichwa nyuma ya miwani, mabega yakimtikisika. Alipokiinua alikuwa ameshajikaza.

"Mama," akasema, "mwombaji mwenye ukoo hodari namna hii sijawahi kumwona. Lakini kanuni ni kanuni. Kesho asubuhi ni kikao chetu cha mwisho kabla ya muhula. Ukija na shahidi anayefaa, tutamsikiliza. Usipokuja, nafasi yako inakwenda kwa anayefuata, na wewe utaomba tena mwakani, kuanzia mwanzo."

"Kuanzia mwanzo, maana yake mtihani?"

"Mtihani."

"Na hesabu?"

"Na hesabu."

Wanaomfahamu Tarumbeta wanasema hapo ndipo walipomwona mara ya kwanza akimeza mate.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Mchungaji alikaa karibu na mama yake. "Mama, si nilikuambia lakini. Wiki iliyopita nilikuambia wote ni ndugu."

"Uliniambia kwa sauti ndogo."

"Sasa tutafanyaje? Nani katika mji huu anakujua na si ndugu yetu?"

Tarumbeta alitazama nje ya dirisha. Walikuwa wameshafika mtaani kwao, na upande wa pili wa barabara, uso kwa uso na kanisa lao, lilikuwepo kanisa jingine lenye spika juu ya mlango. Akalitazama kwa muda.

"Mama, usiniambie," akasema Mchungaji.

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana naogopa."

Kanisa lile, ambalo halikuwa kwenye umoja wa makanisa, lilikuwa la Mzee Besi, fundi wa redio wa zamani aliyeokoka na vifaa vyake. Kwa miaka mingi makanisa mawili yale yalipigana vita kila Jumapili kwa jina la Bwana. Mzee Besi alipofunga spika mbili juu ya mlango, upande wa pili wakafunga moja pamoja na Tarumbeta, wakatoka sare. Alipoongeza ya tatu, yenye besi ya kutikisa masufuria ya majirani, Tarumbeta alisogeza madhabahu karibu na dirisha. Watu wa mtaa ule walijua Biblia kuliko mtaa wowote, wapende wasipende.

Tarumbeta alimkuta ameketi mlangoni pa kanisa, spika moja imefunuliwa mapajani mwake, akifuta vumbi kwenye koni kwa brashi ya rangi.

"Hodi, jirani!"

"Nilikusikia tangu unatoka kwako," akasema Mzee Besi bila kuinua macho. "Karibu. Kiti hicho kina mguu mbovu, kalia upande wa kulia."

Tarumbeta akakaa. "Nina shida."

"Shida yako naijua. Mtaa mzima unaijua. Si ulikuwa unamnong'oneza mwanao?" Akachukua bisibisi. "Hebu nieleweshe kitu kimoja tu. Mwaka mpya ukiingia hujaandikishwa, huhubiri?"

"Sihubiri."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Hata matangazo?"

"Hata matangazo, mwanangu atasoma."

Mzee Besi aliweka bisibisi chini, akafumba macho kama mtu aliyeonjeshwa asali.

"Unafurahi," akasema Tarumbeta.

"Mungu anisamehe, jirani, nafurahi. Nawaza Jumapili moja ambayo nitasikia nilichosema."

"Furahi kwanza, nakungoja. Ukimaliza tuongee."

Alimngoja kweli, mikono kifuani. Mzee Besi alifungua jicho moja, akamkuta bado yupo, akacheka.

"Haya, sema."

"Nataka uje kesho chuoni uwe shahidi wangu. Sikuja kukubembeleza, na sina cha kukupa. Watu wanaonijua ni wa aina mbili tu, ndugu zangu na wewe."

"Mimi si rafiki yako, mama."

"Hawakusema rafiki. Wamesema asiwe ndugu na asiwe mtu wa kufaidika nikipokelewa. Sasa niambie, chini ya jua hili, nikipokelewa wewe utafaidika nini?"

"Kichwa kuniuma."

"Basi umepita."

Mzee Besi alisugua kidevu. Ilikuwa wazi kwamba mtego umemnasa mahali ambapo hakutegemea. "Sikiliza, jirani. Nikienda nitasema kweli. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Sijaomba mafuta."

"Na mabaya nitayasema."

"Hasa hayo yaseme. Mazuri wana macho, watayaona wenyewe."

Alisema hivyo akasimama, na kile kiti kibovu hakikuthubutu hata kulia. Lakini akivuka barabara alijikuta anatembea polepole kuliko kawaida yake. Mdomo wa Mzee Besi hakuwahi kuutawala, na sasa mwaka wake wote ulikuwa umekabidhiwa kwenye mdomo huo.

Kesho yake walipanda kilima kwa mguu, kila mmoja upande wake wa barabara, maana mazoea yana taabu. Ukoo uliagizwa ubaki nyumbani. Uliitika amina, ukafika kabla yao, ukajipanga ukutani nje ya madirisha ya chumba cha kamati.

Mwenyekiti alimtazama Mzee Besi juu ya miwani. "Wewe ni Mkristo?"

"Kwa neema ya Mungu, na ni mchungaji."

"Una undugu na mama huyu?"

"Hata kidogo. Nimewaonya watoto wangu wote wasioe kule."

Afisa akaandika. "Akipokelewa hapa, wewe utafaidika?"

"Asipopokelewa ndipo nitafaidika. Waumini wake watachoka na ukimya, watavuka barabara. Nimeshaagiza mabenchi kwa fundi." Akamgeukia Tarumbeta. "Samahani, jirani. Niliahidi kusema kweli tupu."

"Endelea," akasema Tarumbeta, japo habari ya mabenchi ilikuwa mpya kwake.

"Swali la kwanza," akasema Mwenyekiti. "Unamfahamuje?"

"Kwa masikio. Sijawahi kuingia kanisani kwake, lakini hakuna hubiri lake hata moja lililonipita. Mimi nikimhubiri Yona, yeye ananiletea Danieli juu ya ukuta. Wako watoto kwangu wanaojua kwamba zamani kulikuwa na nabii mmoja aliyemezwa na samaki, akatapikwa, akatua katikati ya simba. Nimejaribu kuwatenganishia, wanasema yangu haina utamu."

Nje ya dirisha mtu alipiga chafya ya kicheko. Mwenyekiti akagonga meza kwa kalamu.

"La pili. Kosa lake kubwa ni lipi?"

"Moja tu?"

"Moja tu, Mchungaji, tuna watu wengine wanangoja."

"Hajui kumaliza. Akisema 'na mwisho kabisa,' wewe nenda kaoge, vaa, rudi, utamkuta bado yuko kwenye mwisho. Halafu anatia chumvi. Goliati wa kwake ni mrefu kuliko wa kwenye Biblia, na kila mwaka anarefuka." Mzee Besi akatazama mikono yake. "Lakini nikisema hilo niseme na hili. Wakati fulani aliniita mwizi wa waumini, kwenye kipaza sauti, mtaa wote ukasikia. Baadaye akagundua kwamba yule muumini alikuwa amehama mji. Wengine wangekuja kwangu jioni kuninong'oneza pole. Huyu alirudi kwenye kipaza sauti kile kile, akapandisha sauti kwa kiwango kile kile, akaniomba radhi. Nilikuwa katikati ya kuhubiri. Sikuwa na la kuongeza, nikafunga ibada."

Tarumbeta, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mabaya, hakujua aweke wapi macho. Akayaweka kwenye tai ya Afisa.

"La tatu," akasema Mwenyekiti. "Ni swali la mwanzilishi wetu, na linajibiwa kwa neno moja. Je, ungemwachia nafasi yako siku moja? Kwako wewe, maana yake ni madhabahu yako, waumini wako wamo ndani."

Mzee Besi hakufikiri hata kidogo.

"Hapana," akasema.

Kalamu ya Afisa ilisimama hewani. Nje, ukoo mzima ulishikana mikono. Na Tarumbeta, aliyewahi kuunganisha miji kwa mdomo, alifungua mdomo na hakikutoka kitu.

"Hapana," akarudia Mwenyekiti taratibu. Akavua miwani. "Mchungaji, unaelewa uzito wa jibu hilo?"

"Naelewa. Nilisema sitadanganya. Nikimwachia Jumapili moja, ya pili nitahubiria mabenchi. Mapya, tena."

Afisa aliuma midomo. Mwenyekiti mwenyewe alilazimika kutazama dari kwa muda. "Hiyo ni sifa," akasema, "lakini umeitoa kwa hapana. Kanuni haina sehemu ya kuandika sababu. Nikiandika hapana, mama huyu anarudi nyumbani. Nakuuliza mara ya mwisho, na siulizi kama unaogopa. Nauliza kama ungemwachia."

Mzee Besi alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. Kama angekuwa amekuja kumwangusha jirani yake, kazi ilishakwisha. Alihitaji kurudia neno moja dogo, kisha aende zake kwenye mwaka mpya uliotulia. Alimtazama Tarumbeta. Tarumbeta hakumkonyeza wala hakumsihi. Alikaa wima, mdomo umefungwa, vile vile ambavyo angekaa benchi la mbele mwaka mzima.

Labda kukaa huko ndiko kulikomtisha.

"Kuna wakati aliugua koo," Mzee Besi akaanza, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Alinyamaza Jumapili nzima. Nikasema leo ni leo. Nikawasha spika zote, nikahubiri nilivyotaka. Hakuna aliyeniingilia. Nilisikia vizuri kila neno langu." Akatikisa kichwa. "Mama Mwenyekiti, nilisinzia. Kwenye mahubiri yangu mwenyewe, nimesimama. Mke wangu ndiye aliyeniamsha kwa kupiga amina."

Akakunja kitambaa, akakirudisha mfukoni.

"Ndiyo. Andikeni ndiyo. Nitamwachia."

"Lini?" akauliza Mwenyekiti.

"Lini tena?"

"Mwanzilishi hakupenda maneno yanayoelea. Shahidi akisema ndiyo, anataja siku."

Mzee Besi alitazama mlango kama anayepima umbali wake. "Jumapili ya kwanza ya muhula," akasema. "Asubuhi tu. Na isizidi saa moja."

"Moja na nusu," akasema Tarumbeta, sauti imemrudia.

"Saa moja!"

"Jirani, utangulizi peke yake…"

"Mama," Mwenyekiti akamkatiza, "nyamaza, unapokelewa."

Hapo ukoo ulipasuka. Wengine waliingia mlangoni, wengine dirishani, na mpiga ngoma, ambaye hakuwa na ngoma, alipiga mlango wa kabati la chuo mpaka Afisa akaja kumwondoa. Mchungaji alimkumbatia mama yake. Kisha akamfuata Mzee Besi, akampa mkono kwa mikono miwili, na wote wawili hawakujua la kusema, kwa sababu hawakuwahi kuongea bila vipaza sauti.

Kupokelewa ni jambo moja na kuandikishwa ni jingine. Mwombaji aliyepokelewa alitakiwa kupanga foleni kwenye ofisi ya chini, na shahidi wake asiondoke mpaka jina liingizwe. Basi wakasimama wote wawili kwenye foleni ndefu ya vijana, kila mmoja na begi na simu yake. Binti aliyekuwa mbele yao aligeuka kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Mmemleta mjukuu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimejileta mwenyewe."

Binti akatazama huku na huku, akamtazama Mzee Besi. "Na babu?"

"Babu kanisindikiza. Yeye alishindwa hesabu."

"Sijawahi hata kuifanya!" akasema Mzee Besi.

"Ndivyo wanavyosema wote."

Walipofika dirishani, karani alikuwa mwanamke mwenye haraka aliyezoea kuongea bila kuinua uso. Aliuliza jina, akauliza kanisa, akauliza kozi. Akasoma masharti ya mwenendo kwa pumzi moja, hakuna ulevi, hakuna wizi wa mitihani, ibada ya asubuhi ni lazima kwa wote, na Tarumbeta akajibu ndiyo kwa kila moja kama anayeitikia wimbo.

"Hosteli," akasema karani. "Wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wanalala chuoni. Jumapili mnaruhusiwa kutoka." Hapo ndipo alipoinua uso, akamwona anayezungumza naye. "Aa. Samahani, mama. Kwa umri wako tunaweza kukuombea msamaha."

"Msamaha wa kosa gani?"

Karani aliinamia kitabu chake. Akageuza ukurasa.

"Chumba chenye nafasi kina wasichana watatu," akasema. "Na vitanda ni vya juu na chini. Vya chini vimeshachukuliwa vyote."

Mzee Besi akasogea. "Jirani, fikiria magoti yako."

Tarumbeta alimtazama yule binti aliyekuwa mbele yao, ambaye alikuwa bado amesimama pembeni na ufunguo wa chumba mkononi, macho yamemtoka.

"Wewe mwanangu, umepewa chumba gani?"

Binti akataja. Karani akatazama kitabu chake, akaguna. Kilikuwa hicho hicho.

"Vizuri," akasema Tarumbeta, akavuta begi lake akalitia begani. "Nipe cha juu. Nitawafikia wote."